Vidonge vya Kufariji

Mbotela, Nairobi
4 Februari 2025

Shiru,

Sikusalimii. Salamu zako utazipata siku utakayofika. Tangu tumzike baba yako umekanyaga mlango huu mara ngapi? Usianze kuhesabu, hakuna cha kuhesabu. Nanyuki si ng'ambo. Mama Sally ana mtoto Qatar, na huyo wa Qatar ameonekana hapa Mbotela kabla yako, amebeba sanduku kubwa kuliko mlango. Mimi wangu yuko hapo Nanyuki hotelini, amesimama nyuma ya meza, anawaambia watu asiowajua karibu, karibu sana. Na nyanya yake aambiwe karibu na nani?

Huu ni mkono wangu mwenyewe. Unajua sikusoma. Herufi nilifundishwa ngumbaru pale kanisani nikiwa tayari na wajukuu, kwa hivyo ukiziona zimelala kama ng'ombe wagonjwa, zisome hivyo hivyo zikiwa zimelala. Simu sitaki. Masikio yangu yamekuwa mazito, nikishika simu napiga kelele, na hizi nyumba za kanjo unajua kuta zake. Nikikohoa, jirani ananijibu pole. Haya ninayokuambia si ya jirani. Si ya Guka wako pia, mume wangu mwenyewe, kwa sababu yanamhusu yeye.

Guka wako anakula vidonge.

Usicheke. Mzee wa miaka sabini na ushei, mzee wa kanisa, fundi aliyetengeneza nusu ya milango ya mtaa huu. Unajua vile vidonge vyangu vyeupe vya usingizi. Cha kwanza nilipewa siku za matanga ya baba yako. Mama Sally alinitilia mkononi akaniambia meza, ulale, kesho kuna wageni. Nikameza, nikalala, na ikawa kama mtu amenifungia mlango wa jela nikiwa nje. Tangu hapo nameza jioni. Siku nyingine mchana pia, kichwa kikianza kelele zake. Ni dawa. Si pombe, si bangi.

Na si mimi peke yangu. Kikundi chetu cha akina mama wa Alhamisi, tukienda kwa mwenye msiba tunabeba unga, sukari, majani ya chai, na kikaratasi cha vidonge. Ndivyo tunavyofanya hapa. Mpwa wa Mama Sally hutupatia. Wengine watakuja na maneno matamu na nyimbo, lakini wakishaenda, yule mama anabaki na kitanda chake. Sisi tunamwachia kitu. Na mimi ndiye ninayeweka vya kikundi, kwa mkebe wa kakao, juu ya kabati.

Sasa mkebe unapungua na si mimi ninayepunguza. Juzi nimeingia nikamkuta Guka wako amesimama juu ya kiti, mkono kabatini. Nikamuuliza, Ng'ang'a, unatafuta nini? Ati msumari. Msumari kwa kakao! Na akishatoka hapo anakwenda Makongeni kwa yule kinyozi wake Mulama, anarudi macho yamemtulia, hasemi neno. Mimi nimeishi na wanaume. Najua mtu anayeficha kitu.

Mwenyewe niko sawa. Sufuria ya githeri iliungua mpaka ikatoboka, lakini makaa ya siku hizi ni uchafu mtupu. Nina jeraha hapa kwenye paji la uso, ile ngazi ya kwenda choo imelegea. Na mchungaji alinitaja mbele ya watu ati nimelala katikati ya mahubiri. Angehubiri kwa sauti ya mwanamume nisingelala. Lakini hayo ni madogo.

Mwandikie mzee wako. Mimi akinisikia anazima redio anatoka nje. Wewe ni mke wake mdogo, una jina langu, hawezi kukudanganya. Mwambie aache kabla kanisa halijajua, na kabla hajaanguka akavunjika kiuno nikabaki nikimgeuza kitandani. Umekula? Unaonekana mwembamba kwa zile picha.

Ni mimi, mwenye jina lako,
Teresiah Wanjiru


Nanyuki
11 Februari 2025

Guka mpendwa,

Natumai uko salama na presha imetulia. Nimepata barua kutoka kwa Shosho na nimeisoma nikiwa kazini mpaka mgeni akanipigia kengele mara mbili.

Guka, nitauliza moja kwa moja kwa sababu nikizunguka utanikwepa na mzaha. Unakula vidonge vya usingizi vya Shosho? Amekuona kwa kabati. Anasema unarudi kutoka kwa Mulama ukiwa umetulia sana, na mimi najua wewe hujawahi kutulia.

Sikuhukumu. Najua tangu Baba aende nyumba hiyo imekuwa ngumu. Lakini hivyo vidonge si vya kuchezea, na si vya umri wako. Kama unavikula niambie mimi, tutafute mtu wa kukusaidia. Kama huvikuli, basi vinaenda wapi?

Natuma hii kwa anwani ya kinyozi ili Shosho asiione kwanza. Tafadhali nijibu kama mtu mzima.

Mjukuu wako na mke wako mdogo,
Shiru


Makongeni, kwa Mulama
17 Februari 2025

Mke wangu mdogo,

Umenigombeza vizuri. Mulama amesoma juu ya bega langu akasema, mzee, huyu ni yule yule wa Mbotela ila wino ni mpya. Nikamwambia anyoe mteja wake.

Nakujibu kama mtu mzima. Mimi nakula kidonge cha presha, asubuhi, na chai. Vya Shosho wako naviiba, hilo ni kweli. Kinywani siviweki. Naviangusha chooni.

Shiru, sufuria haikutobolewa na makaa. Nilirudi nyumbani nikakuta moshi unatoka mlangoni na Shosho wako ameketi kando ya jiko, macho wazi, ananiambia keti, chai iko tayari. Hakukuwa na chai. Ngazi ya choo niliipigilia mimi mwenyewe mwaka jana na haijalegea hata kidogo. Ananiuliza jambo, namjibu, ananigeukia analiuliza tena. Jumapili iliyopita aliniita kwa jina la baba yako, Mbugua. Hakujua ameniita hivyo. Mimi niliitika, ningefanya nini?

Nilimwambia mara moja tu. Nilimwambia, Teresiah, hivi vidonge vimekushika, wewe hujitawali tena. Akasema: wewe ulilia ukamaliza, kwa hivyo niache na vyangu. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kunyamaza, na kwa sababu nimenyamaza nikawa mwizi ndani ya nyumba yangu.

Lakini usihofu, nimepata njia. Duka la dawa lina vidonge vya vitamini, vyeupe, vidogo vile vile, hata wewe ungedanganyika. Nimeujaza mkebe. Vile vya zamani vyote vimekwenda na maji, sikuacha hata kimoja. Sasa anameza vitamini kila jioni akidhani ni usingizi. Ni kweli mikono inamtetemeka, na anatoka jasho mpaka shuka inalowa, lakini Mulama anasema hiyo ni sumu inamtoka. Mjomba wake alitetemeka hivyo hivyo alipoachishwa chang'aa.

Usimwambie. Akijua nimembadilishia dawa ataniweka nje na redio yangu. Na usimwambie pia kwamba wakati wa Krismasi uliketi hapa hapa kwa Mulama, ukanywa chai, ukaangalia upande wa Mbotela ukarudi zako Nanyuki. Hilo nimelifunga kifuani. Lakini ningependa siku moja ufike mpaka mwisho wa barabara.

Mume wako mkubwa,
Bedan Ng'ang'a


Mbotela, Nairobi
22 Februari 2025

Shiru,

Ulimwandikia au hukumwandikia? Kwa sababu hapa mambo yamekuwa mabaya na wewe umekaa huko juu kwenye baridi unapokea wazungu.

Vidonge vyangu vimekufa. Sijui wameviharibu kiwandani, sijui mpwa wa Mama Sally ameanza wizi. Nameza kimoja, hakuna kitu. Viwili, hakuna. Jana nimemeza vinne nikalala macho wazi nikisikiliza moyo wangu unapiga kama mtu anayegonga lango la watu. Mikono hii inatetemeka hadi kikombe kinagonga sahani. Usiangalie mwandiko. Nasikia siafu wakinitembea chini ya ngozi, nikivua nguo hakuna siafu. Nimetapika kanisani, nje, kando ya gari la mchungaji. Si ndani ya gari. Ningetapika ndani ningefurahi kidogo.

Na aibu niliyoipata! Mama Akech wa mlango wa bluu amefiwa na dada yake. Tukaenda Alhamisi na unga na sukari, nikamwachia kikaratasi, nikamwambia meza hiki, mama, upumzike. Kesho yake asubuhi amesimama langoni kwangu, leso haijafungwa sawasawa, anapiga kelele: "Mama Mbugua! Mama Mbugua! Mlinipa chokaa? Nimekesha nikitazama paa, na nyinyi mnajiita kikundi?" Majirani wote wametoka na miswaki mdomoni. Nikamwambia kwa jina lake la kwao, Nyar Alego, labda huzuni yako ni kubwa kuliko dawa. Akaniambia, labda dawa yako ni ndogo kuliko mdomo wako. Kama si msiba ningemjibu.

Guka wako amekaa hapo anatazama tu. Ananiletea uji. Tangu lini mwanamume huyu anapika uji? Anajua alichokifanya. Amekula vile vizuri vyangu, ameniachia vibovu.

Sasa nisikilize. Huko kwenu kuna duka la dawa kubwa, najua. Ninunulie vya nguvu. Vitie kwenye kifurushi, kwenye soksi, upeleke kwa ofisi ya basi, andika jina langu, si la Guka. Usiniulize maswali. Nilikulea ukiwa na surua, nilikubeba mgongoni kutoka hapa mpaka hospitali na mvua inanyesha, sikukuuliza maswali. Fanya haraka, mtoto wangu. Nahisi kama kitu kinakuja na sijui ni nini.

Shosho wako


Nanyuki
27 Februari 2025

Shosho,

Najua hutaki kushika simu yangu. Nimepiga jana na leo, inaita tu. Basi na wewe usome barua kama unavyonifanya nisome zako.

Ile simu ya juzi nilimpigia Guka, si wewe. Sikujua ameiweka kwa sauti ya juu. Guka hajui hata amebonyeza wapi. Kwa hivyo nilipopiga kelele "Guka, hizo vitamini zitamuua Shosho, umempokonya dawa ghafla," wewe ulinisikia, na kwa jinsi Guka anavyosema, ploti nzima ilisikia na Mama Akech akapiga makofi.

Naomba msamaha kwa jinsi ulivyojua. Lakini sasa umejua, kwa hivyo acha nikuambie yote.

Nilipopata barua yako ya siafu nilienda kwa nesi wa kliniki ya hapa nikamsomea. Hakucheka. Alisema mtu aliyemeza vidonge vya aina hiyo kwa muda kama wako, mwili huvitegemea. Ukivitoa vyote kwa mara moja, mwili unapigana. Kutetemeka, jasho, siafu, yote ni hayo. Na kwamba inaweza kuleta kifafa, mtu aanguke, afe. Alisema Shosho aende hospitali leo, si kesho, amwone daktari, daktari ampunguzie polepole. Asijitibu mwenyewe, asiviache mwenyewe, asinunuliwe vingine kwenye soksi.

Guka alikosea njia, hakukosea sababu. Hakula kidonge chako hata kimoja. Sufuria ni wewe, Shosho. Paji la uso ni wewe. Najua ni vibaya mtoto kukuambia hivyo na ukitaka nichape nikija.

Utaniuliza nitakuja lini. Nilikuja Krismasi. Nilifika Makongeni kwa kinyozi wa Guka, nikanywa chai naye, nikarudi Nanyuki. Katika nyumba hiyo hakuna anayetaja jina la Baba, tunakunywa chai tukitazama mahali alipokuwa akiketi, na wewe umelala. Kila mara nilipokuja ulikuwa umelala. Nikaona ni afadhali nikae mbali kuliko kuketi karibu na mtu aliyelala.

Nenda hospitali. Tafadhali. Guka amesema umemfungia mlango na analala kwa Mulama kwenye kiti cha kunyolea. Mfungulie angalau akupeleke.

Shiru wako


Makongeni
7 Machi 2025

Shiru,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu uliponiuliza nilishindwa kusema vizuri.

Hakunifungulia. Alhamisi ya juma lililopita alifunga kitambaa chake akaenda kwa Mama Akech kumwomba radhi kwa vile vidonge, alisema hawezi kudaiwa na mtu aliyefiwa. Mulama na mimi tulikuwa tunamfuata kwa mbali kama askari. Akiwa katikati ya sala, amesimama, akanyooka kama mbao, akaanguka. Mama Akech ndiye aliyemshika kichwa kisigonge sakafu. Alimlaza kwa ubavu, akampanulia nguo shingoni, akatupigia kelele tulete gari, na yeye ana msiba wake nyumbani.

Umemwona mwenyewe wodini siku ile, kwa hivyo siendelei. Anarudi nyumbani kesho. Daktari amenipa dawa niweke mimi, si yeye. Nimemwuliza Shosho wako kama nitafunguliwa mlango. Ameuliza kama nina soksi safi.

Mimi ndiye niliyetupa vile vidonge chooni. Naliweka hapa kwa maandishi, halafu nisiulizwe tena.

Bedan


Mbotela, Nairobi
3 Aprili 2025

Shiru,

Niko hai, kama ulikuwa na haja ya kujua.

Ulikuja hospitalini. Ulisimama mguuni pa kitanda, mkoba begani, kama mtu anayengoja kuitwa jina kwa dirisha la ofisi. Hukuuweka chini hata kidogo. Nikafumba macho kidogo tu, nikayafumbua, umeenda. Nesi akaniambia yule msichana amelia kwenye ngazi. Kwa nini ulie kwenye ngazi za watu? Hapa kwangu hakuna ngazi?

Na Krismasi ulikunywa chai kwa kinyozi! Kwa nywele za watu! Mimi nimechinja kuku, nimekaa naye mpaka akaganda mafuta, na mjukuu wangu yuko ng'ambo ya barabara na mume wangu, wananong'ona kama wezi. Nimemwambia Mulama akiwahi kukupa chai tena nitaenda pale nimnyoe yeye.

Sasa haya mengine. Daktari ni msichana mdogo, kucha zimepakwa rangi ya samawati, anaongea polepole kana kwamba mimi ni mgeni nchini. Akaniambia, shosho, wewe si mlevi, ni mwili umezoea. Nikamuuliza, na mlevi mwili wake umefanya nini? Akacheka, akasema sawa, ni kitu kimoja. Nilimpenda hapo. Nachukia alichosema lakini nilimpenda. Nimewasema walevi wa mtaa huu maisha yangu yote. Mume wa Mama Sally nilimmwagia maji machafu akiwa amelala kwa mfereji. Wengine wamenitazama kanisani Jumapili iliyopita na najua wanawaza maji yale.

Sikuachishwa. Napunguziwa. Kila jioni Guka wako anatoa kidonge mfukoni, anakiweka juu ya kipande cha mbao, anavaa miwani, anakikata kwa wembe kama anakata meza ya madhabahu. Kwanza anapima kwa penseli! Halafu ananipa kipande changu, mimi nasimama pale nimenyoosha kiganja kama kuku anayengoja mahindi. Na kila baada ya majuma fulani kipande kinapungua. Daktari anasema itachukua miezi mingi. Nimemwambia nina miaka mingi zaidi ya hiyo, hanitishi.

Ni ngumu, Shiru. Sikudanganyi, nimechoka kudanganya watu wasioamini. Redio ikipanda kidogo nataka kuitupa. Nilimrushia Guka kijiko juzi kwa sababu anatafuna kwa sauti. Kimempiga sikioni. Akakiokota akakiosha akanirudishia, akasema, jaribu tena, hicho kilikuwa na uji. Sijamsamehe. Kunibadilishia dawa yangu kama mtoto mchanga, kunitazama nikitetemeka na kuniletea uji! Angenipigia kelele. Angevunja mkebe mbele yangu. Lakini amenifulia shuka kila asubuhi na kuzianika mbele ya watu wote, na wanaume wa mtaa wakipita anawaambia jambo zuri leo, jua ni kali. Kwa hivyo simsamehi, lakini nimemfungulia.

Kikundi nacho kimevunjika katikati. Nilisimama Alhamisi nikawaambia, hakuna vikaratasi tena, mimi sibebi. Mama Sally akaniuliza mbele ya wote: "Basi tutamfariji mtu na nini, Mama Mbugua? Na hadithi?" Wengine wakacheka. Nusu yao wanavimeza wenyewe, nawajua kwa majina, wananitazama kama nimewanyang'anya mtoto. Nimewaambia waende kwa daktari, wasiache ghafla, wanione mimi. Mmoja tu ameenda. Mama Sally amenunua mkebe wake, na anabeba bado. Ninapiga kelele na hakuna anayesikia, na mimi ndiye mwenye masikio mabovu.

Tuliobaki ni mimi na Mama Akech na wawili wengine. Tumeenda kwa mama mmoja wa huku nyuma aliyefiwa na kijana wake. Tumebeba unga na sukari, basi. Tukaketi. Shiru, ilikuwa vibaya. Mama analia, sisi tunatazama viatu vyetu. Hakuna hata mmoja aliyejua la kufanya. Tumezoea kumpa kidonge na kurudi kupika. Nilitaka kutoka. Nilikitaka kidonge mwenyewe, nakuambia ukweli, mate yalinijaa mdomoni. Mwisho nikakosa adabu nikamuuliza tu: kijana wako alikuwa anapenda kula nini? Nikadhani atanifukuza. Akapangusa pua akasema, alikuwa anakula ndizi na ganda lake akiwa mdogo, hatukuweza kumkataza. Halafu akaongea. Aliongea mpaka chai ikapoa, mpaka Mama Akech akaanza kulia naye, mpaka sote tukacheka kuhusu mtoto na maganda. Hatukumpa kitu. Sijui alilala au hakulala. Sikumuuliza.

Nikarudi nyumbani nikamwambia Guka wako: Mbugua alikuwa anapenda nini? Kwa mara ya kwanza tangu tumzike, jina hilo limetoka mdomoni mwangu ndani ya nyumba hii nikiwa macho. Guka alikuwa amesimama, akaketi. Akasema, mama yake ni wewe, wewe ndiye unajua. Nikamwambia, mimi najua wa kunyonya na wa shule. Mwanamume aliyekuwa baadaye simjui vizuri, alikuwa ananificha mambo kwa sababu nilikuwa mkali. Hapo Guka akaanza kunisimulia jambo la baiskeli ya mchungaji wa zamani. Amefika nusu ameanza kucheka, amecheka mpaka machozi, halafu machozi yakabadilika yakawa mengine, akashindwa kumaliza. Akasema, Shiru alikuwepo, Shiru ndiye anayejua yote, alikuwa amekaa mbele kwenye chuma.

Kwa hivyo wewe ulikuwepo. Umekaa Nanyuki na habari za mwanangu tumboni mwako kama mali ya wizi, na mimi huku nameza chokaa.

Sikiliza basi, na usome mara mbili. Usije asubuhi ukaondoka jioni. Usilale kwa rafiki mtaa wa Umoja, usikae kwa kinyozi. Leta nguo za kulala, na leta za baridi kidogo kwa sababu mimi siku hizi nafungua dirisha. Usinitazame mikono. Usiniulize kama nimelala, usiniulize nimemeza kipande kipi, hiyo ni kazi ya seremala. Mkoba uuweke chini mlangoni kabla hujasema neno. Kisha keti karibu nami upande wa sikio la kulia, lile linalosikia, uanze na ile ya baiskeli, na usiruke mahali ambapo baba yako alifanya makosa.

Shosho wako,
Teresiah Wanjiru